Kuvuka barabara Kampala: mwongozo kamili wa mwenda kwa miguu

Mwaka 2024 watu 5,144 walifariki kwa ajali za barabarani nchini Uganda, kwa hesabu ya polisi. Ukiwatoa waendesha bodaboda na abiria wao, kundi linalofuata kwa kupoteza watu ni sisi tunaotembea kwa miguu: karibu theluthi ya wanaokufa kila mwaka. Ni watu waliotoka nyumbani asubuhi kwenda sokoni, kazini au shuleni, na wengi wao walikuwa wanafanya jambo dogo tu, kutoka upande huu wa lami kwenda upande ule.

Mwongozo huu nimemwandikia anayetembea Kampala kila siku, na hasa mgeni: aliyefika juzi kutoka Goma, Bujumbura, Juba, Mwanza au Kisumu, Kiswahili anakijua lakini barabara za hapa hajazizoea. Kanuni ni zilezile ukiwa Jinja, Mbarara, Gulu au Arua. Kuna jambo moja nitalirudia mara nyingi na naomba univumilie: zebra, yaani ile mistari myeupe ya kuvukia, haisimamishi gari. Anayesimamisha gari ni dereva, na kila leni ina dereva wake. Kwa hiyo usiivuke barabara yote kwa mpigo mmoja. Ivuke leni kwa leni.

Magari yanatokea upande gani

Uganda magari hupita kushoto, kama Kenya na Tanzania. Kongo, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Ethiopia na Somalia hupita kulia. Hili si jambo la kusoma na kusahau. Mtu aliyekulia Bukavu au Juba shingo yake imezoea kugeukia kushoto kabla hajakanyaga lami, na mazoea hayo hayaulizi kwanza uko nchi gani. Anageuka kushoto, anaona kweupe, anaingia, na taksi (hapa ni gari dogo la abiria, kama matatu au daladala) inamfikia kutoka kulia.

Hapa basi angalia kulia kwanza, halafu kushoto, halafu kulia tena unapoinua mguu. Sababu ni rahisi: nusu ya barabara iliyo karibu nawe, magari yake hutoka kulia kwako. Ukishafika katikati mambo yanageuka, hatari inatoka kushoto. Kama wewe ni mgeni, wiki za mwanzo jisemee kwa sauti kila unapofika ukingoni: "Kulia kwanza." Kama umepokea ndugu aliyetoka upande wa magari ya kulia, mwambie siku ileile anayofika, kabla hujampeleka kuona Old Taxi Park, na msimamishe ukingoni mfanye zoezi hilo pamoja. Usidhani atagundua mwenyewe.

Bodaboda hana upande. Atakuja kushoto, atakuja kulia, atapanda hata njia ya miguu pale jamu, yaani foleni ya magari, inapokaza. Katikati ya jiji kuna mitaa kadhaa ya njia moja, na mgeni huangalia upande mmoja tu kwa sababu kibao kimesema hivyo. Magari yanakifuata kibao kwa kiasi kikubwa, bodaboda mara nyingi hawakifuati. Angalia pande zote mbili hata kwenye njia moja.

Ukisikia king'ora, ukaona gari la mbele limewasha taa na kupasua katikati ya barabara, baki ulipo juu ya njia ya miguu. Misafara ya wakubwa hutumia hata upande usio wake. Na usikimbilie kuvuka gari la mwisho likishapita, maana mara nyingi kuna lililochelewa linalokimbiza wenzake, na nyuma yake bodaboda waliojitia kwenye mkia wa msafara.

Sheria inataka nini

Msingi ni Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya mwaka 1998, iliyofanyiwa marekebisho 2020, pamoja na kanuni zake za matumizi ya barabara za mwaka 2004. Kwa lugha ya kawaida, dereva anayekaribia zebra anatakiwa kupunguza mwendo na kumpisha aliyekwisha kuingia. Haruhusiwi kulipita gari lililosimama au linalopunguza mwendo kwenye zebra. Haruhusiwi kusimama juu ya zebra kupakia wala kushusha. Wewe nawe unatakiwa utumie njia ya miguu pale ilipo, uvukie zebra ikiwa iko karibu, usikawie katikati ya barabara, na utii mataa na askari wa trafiki.

Kuhusu askari, shika hili: palipo na afande makutanoni, mkono wake unashinda mataa. Saa za asubuhi na jioni utakuta taa zinawaka na afande amesimama katikati anaongoza kwa mikono. Mgeni hukodolea macho taa ya kijani upande wake, kumbe afande amekwisha kuwaruhusu wa upande mwingine. Mtafute afande kwanza kwa macho, taa baadaye.

Sheria inakupa haki ukiwa kwenye zebra, ila haikupi ruhusa ya kuruka ghafla mbele ya gari. Gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva mzuri, aliye macho, hupoteza sekunde moja au zaidi kabla breki haijaanza kushika, na baada ya hapo gari bado linahitaji mita nyingine kadhaa kusimama. Lami ikiwa na maji au matairi yamelika, mita zinaongezeka. Ukijitokeza gari likiwa umbali wa nyumba moja, haki yako haitafika kwenye pedali ya breki kwa wakati.

Mahali pa kuvukia

Kama kuna daraja la waenda kwa miguu, panda daraja. Hasa Northern Bypass, barabara kubwa inayozunguka kaskazini mwa jiji, ambako magari yanakimbia na leni ni nyingi, usijaribu chini hata ukiona wengine wanaruka vyuma vya katikati. Najua malalamiko: daraja liko mbali, na usiku lina giza na vibaka. Ni ya kweli. Usiku pita na wenzako, simu iwe mfukoni, na ukiona daraja halina watu kabisa, tafuta bodaboda mwenye kofia ya ziada akuvushe kwa njia ya magari. Nauli hiyo ndogo naiona ni halali kabisa, na ni nafuu kuliko kukimbia gizani mbele ya lori.

Barabara ya haraka ya Kampala–Entebbe si mahali pa mguu hata kidogo. Waenda kwa miguu na bodaboda hawaruhusiwi, na madereva wanakwenda wakiamini hakuna mtu mbele yao.

Baada ya daraja, mahali pazuri ni makutano yenye mataa au afande, halafu zebra yenye matuta, kwa sababu tuta linampunguza dereva apende asipende. Zebra tupu isiyo na tuta inafuata. Zebra iliyofutika rangi ihesabu kama barabara ya kawaida: wewe unayeipita kila siku unajua ipo, lakini dereva aliyetoka Masaka leo haioni.

Kampala ni mji wa vilima, na hili linaleta hatari ya peke yake. Usivukie karibu na kilele cha mwinuko wala baada ya kona. Ukisimama pale ambapo huoni barabara mita mia moja kulia kwako, na dereva naye hakuoni. Tembea kidogo mpaka uone mbali. Kwenye raundabauti usikatishe katikati kamwe. Rudi nyuma kidogo kwenye mkono mmoja wa barabara, mbali na mdomo wake, kisha uvuke hapo. Magari yanayotoka kwenye mzunguko ndiyo ya kuogopa kuliko yanayoingia, maana wengi hawawashi kiashiria na wakishatoka wanakanyaga mafuta.

Ikiwa safari yako ni kutoka katikati ya jiji kwenda upande wa Namirembe, tumia njia iliyotengenezwa kwa ajili ya miguu na baiskeli kwenye Luwum Street na Namirembe Road. Ni kati ya sehemu chache za jiji hili ambako mtu anayetembea alifikiriwa kwanza. Ningependa tuwe na nyingine kumi kama hiyo.

Kuvuka zebra, hatua kwa hatua

Hapa soma polepole.

Fika ukingoni, kisha rudi hatua moja nyuma. Taksi na bodaboda hupita wakikwaruza ukingo, na kioo cha pembeni cha taksi kiko usawa wa bega au kichwa cha mtu. Simu mfukoni, vitu vya masikioni vitoe vyote viwili. Mzigo ulio kichwani au begani usikuzibe macho upande wa kulia. Kama una beseni au gunia, uligeuze kabla hujafika, si ukiwa katikati.

Sasa chagua gari la kulisimamisha. Lililo karibu sana liache lipite, tafuta lililo mbali kiasi cha kutosha. Nyoosha mkono, kiganja kikielekea kwa dereva, usawa wa bega, na umtazame usoni. Wenye haya huinua kidole kidogo kiunoni, dereva hakioni. Inua mkono kweli. Ukimwona dereva anakutazama, vizuri. Jua likigonga kioo huwezi kumwona, basi tazama gari lenyewe: gari linalofunga breki huinamisha pua. Pua ikiwa imenyooka, halijafunga breki, hata kama unahisi linapunguza. Tazama pia magurudumu ya mbele mpaka yaache kuzunguka.

Dereva akikuwashia taa kubwa mara mbili, usijaribu kufasiri. Mmoja huwasha akimaanisha pita, mwingine akimaanisha toka nakuja. Kinachosema kweli ni gurudumu.

Gari la kwanza limesimama. Hapa ndipo watu hufa, na ndipo nataka ukae nami.

Tuseme ni taksi ya abiria 14. Imesimama kwa adabu, kondakta kichwa nje, dereva anakupungia, "pita, pita." Unamshukuru moyoni na unaingia. Lakini mwili wa taksi ile umekuwa ukuta kati yako na leni ya pili. Dereva aliyekupungia anajua leni yake tu. Nyuma yake kuna mwendesha bodaboda aliyeona taksi imesimama ghafla, na amezoea kwamba taksi husimama kila mahali kupakia. Hajui kuna mtu mbele. Anachepuka upande wa kulia wa taksi, anaongeza mafuta, na gurudumu lake la mbele linachomoza pembeni ya kioo wakati huohuo goti lako linapochomoza mbele ya taa. Wote wawili mlikuwa mnafanya jambo la kawaida.

Kwa hiyo fanya hivi. Pita mbele ya taksi kwa mwendo wa kawaida, lakini ukifika usawa wa taa yake ya upande wa mbali, simama. Simama kabisa, vidole vya miguu visivuke mstari wa ubavu wake. Tanguliza macho: inama kidogo mbele, chungulia nyuma kando ya ubavu wa taksi. Kabla ya hapo unaweza kutazama chini ya gari, gurudumu la pikipiki linalozunguka huonekana kwenye upenyo kati ya lami na bodi. Sikiliza injini pia. Ukiona bodaboda anakuja, baki hapo, uko salama mbele ya gari lililosimama. Inua mkono wako juu kabisa ili dereva wa taksi ajue bado upo, maana wengi huondoka mara tu wanapodhani umeshapita. Leni ya pili ikiwa wazi au gari lake limesimama, ingia. Kama kuna ya tatu, rudia yote upya.

Ukifika katikati na kuna kisiwa, simama juu yake, geuza shingo kushoto, na uanze kama ndiyo kwanza umefika ukingoni. Jinja Road na Entebbe Road zina sehemu nyingi za namna hii. Usibebwe na furaha ya kufaulu nusu ya kwanza.

Usikimbie. Dereva anapokuona anakadiria mwendo wako, na anayekimbia huvuruga hesabu hiyo, tena viatu huteleza na ndala hukatika. Na ukikutwa katikati ya leni mbili mambo yakiwa yamekaza, usirudi nyuma. Bodaboda akiona unakwenda mbele hulenga nafasi unayoiacha nyuma yako. Ukirudi hatua moja unaingia palepale alipolenga. Simama wima kwenye mstari, mwili ubavu, begi kifuani, mwache apite, kisha endelea.

Kuvuka na kundi kunasaidia, dereva huliona kundi haraka kuliko mtu mmoja. Lakini kundi lina mkia. Watu wanane wakipita na wewe uko hatua tano nyuma yao, dereva amekwisha kuachia breki. Ukichelewa, subiri kundi lingine. Na usivuke kwa sababu tu wenzako wamevuka: wao walipima nafasi yao, wewe hujapima yako.

Mataa

Kwenye makutano yenye taa ya mtu, subiri mtu wa kijani. Kama kuna kitufe kwenye nguzo, kibonyeze mara moja. Kijani kikiwaka hesabu pumzi moja kabla ya kuingia, kwa sababu daima kuna gari la mwisho linaloiba taa nyekundu. Kisha angalia wanaokata kona kuingia barabara unayoivuka. Wao nao wanaweza kuwa na ruhusa ya kwenda, na dereva anayekata kona macho yake huwa kwenye magari, si kwako. Kijani kikianza kupepesa na hujaingia, usiingie. Umeme ukikatika na mataa yakazima, hiyo ni barabara isiyo na taa, rudi kwenye hatua za zebra.

Ndani ya jamu

Jamu inadanganya. Magari yamesimama, basi watu huona barabara imekuwa uwanja. Kati ya magari yaliyosimama ndimo bodaboda wanamopita, tena kwa kasi, kwa sababu hiyo ndiyo biashara yao. Kila upenyo kati ya safu mbili uhesabu kuwa ni barabara ndogo kamili: simama, chungulia pande zote mbili, pita.

Lori ni jambo jingine. Dereva wa lori amekaa juu, na mtu aliye karibu na bampa yake hamwoni kabisa, hata awe mrefu. Usipite karibu na pua ya lori lililosimama kwenye jamu. Pita ukiwa mbali kiasi cha kumwona dereva usoni, na kama upenyo hautoshi, zunguka kwa nyuma. Nyuma nako usijibane kati ya gari na gari mlimani, maana gari likianza kuondoka hurudi kidogo kabla ya kwenda mbele.

Kushuka kwenye taksi

Watu wengi hugongwa dakika ile waliposhuka. Mlango wa taksi uko kushoto, kwa hiyo unashukia ukingoni, na hapo uko salama. Tatizo linaanza unapotaka kwenda ng'ambo na unapita mbele ya taksi hiyohiyo. Wewe huoni, aliye nyuma haoni, na dereva wa taksi naye yuko mbioni kuondoka.

Lipa kabla hujashuka, shuka, panda njia ya miguu, na ungoje taksi iondoke. Dakika moja tu. Afadhali zaidi ni kupanga mapema: unaposema "maaso awo" (Kiganda, "hapo mbele") kondakta atakushusha popote, hata juu ya zebra. Mwambie akushushe siteji, yaani kituoni, kisha utembee mpaka mahali pazuri pa kuvukia. Ukipanda bodaboda, shukia upande wa ukingo, na usikubali akushushe katikati ya barabara kwa sababu jamu imemkamata.

Pasipo na njia ya miguu, usiku na mvua

Ukitoka nje kidogo ya jiji, na hata ndani yake, njia ya miguu hukatika, au imejaa meza za wauzaji, au magari yameegeshwa juu yake. Hapo unalazimika kutembea kando ya lami. Tembea upande wa kulia wa barabara, ili magari yaliyo karibu nawe uyaone uso kwa uso. Anayetembea kushoto ana magari mgongoni. Mkiwa wengi, nendeni mstari mmoja. Unapolizunguka gari lililoegeshwa, simama kwanza, tazama, ndipo uingie kwenye lami.

Usiku vaa kitu cheupe au cha rangi kali. Koti jeusi na suruali nyeusi kwenye barabara isiyo na taa humfanya dereva akuone akiwa amekwisha kukufikia. Tochi ya simu iwashe ukiielekeza chini mbele yako ikiwa inatikisika na mwendo wako, usimmulike dereva machoni. Wanaotoka kazini usiku, na walinzi, wangefanya vizuri kuwa na kizibao chenye mistari inayong'aa kama wanavyovaa bodaboda.

Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba huleta jambo ambalo mgeni halitegemei: mitaro. Kampala ina mitaro mirefu kando ya barabara, na mashimo mengine yamepoteza vifuniko. Maji yakipanda, mtaro na lami vinaonekana kitu kimoja. Usikanyage maji usiyoyaona chini yake, hasa maeneo ya bonde kama Bwaise na kandokando ya mfereji wa Nakivubo. Ngoja maji yashuke. Mvua ya Kampala huwa kali lakini mara nyingi haikai siku nzima, na mwajiri akikasirika atatulia.

Mwavuli nao: uinue unapovuka. Ulioinamishwa mbele hukukinga na mvua na kukuziba macho kwa wakati mmoja.

Kwa wanaopita Namuwongo, Nakawa au Kireka, reli ni barabara pia. Treni haina usukani na haiwezi kusimama ghafla ikikuona. Usitembee katikati ya reli ukiwa na vitu masikioni, na kwenye kivuko cha reli usifuate gari lililo mbele yako bila kutazama mwenyewe.

Watoto, wazee na wenye ulemavu

Mtoto mdogo hawezi kupima mwendo wa gari. Analiona, anajua linakuja, lakini hajui litafika lini. Ndiyo maana kumfundisha "angalia kabla ya kuvuka" hakutoshi mpaka amekua kidogo, na mtu wa kumvusha anahitajika. Mshike kifundo cha mkono, si vidole, kwa sababu vidole huchomoka akishtuka. Muweke upande usiotokea magari: kushoto kwako mpaka katikati, kisha mhamishie kulia. Mfundishe kwa kumwuliza, si kwa kumwambia. "Gari linatokea wapi? Yule bodaboda ameshatuona?" Mtoto akijibu mwenyewe kila asubuhi, anajifunza.

Mzee usimvute. Simama upande wake unaotokea magari, mpe mkono wako aushike, na inua mkono mwingine kwa madereva. Mtu mwenye fimbo nyeupe haoni, na dereva yeyote anapaswa kumsimamia. Lakini wewe mpita njia usimkamate ghafla. Salimia kwanza, "Ssebo (bwana), nikuvushe?" au "Nnyabo (bibi), nikusindikize?" na ukikubaliwa, mwache akushike yeye kiwiko. Mwambie unachokiona: "Tunashuka ngazi moja, sasa tuko katikati, tunasubiri bodaboda." Mwenye kiti cha magurudumu mara nyingi njia ya miguu humkatalia kwa kukosa mteremko, na hulazimika kukaa barabarani muda mrefu kuliko wengine. Mtu mmoja akisimama nyuma yake na mkono juu anamsaidia sana.

Mtu akigongwa

Kwanza zuia asigongwe mara ya pili. Watu wawili waende mita kadhaa kila upande wapunge mikono, wakiwa pembeni. Piga 999 au 112, bila malipo, na utaje mahali kwa alama inayojulikana: jengo, kituo cha mafuta, siteji. Usimnyanyue majeruhi kwa mikono na miguu na kumtupa kwenye bodaboda, maana shingo au mgongo ukiwa umevunjika unaweza kumlemaza hapohapo. Kama damu inatoka kwa nguvu, bonyeza jeraha kwa kitambaa safi na usiachie. Usimpe maji wala chakula. Zungumza naye.

Mtu mmoja aandike namba ya gari na rangi yake, apige picha lilipo kabla halijasogezwa. Dereva anatakiwa kisheria kusimama na kutoa taarifa polisi. Akipigwa na kundi atakimbia, na akikimbia majeruhi anapoteza njia ya kulipwa. Mlindeni dereva kama mnavyomlinda majeruhi.

Gari lolote barabarani linatakiwa kuwa na bima ya mtu wa tatu, na mtu wa tatu ni wewe uliyegongwa. Fidia yake ni ndogo, na wengi hawaifuatilii kabisa kwa kutojua kwamba ipo. Fungua taarifa kituo cha polisi kilicho karibu na mahali pa ajali, omba namba ya kumbukumbu, hifadhi kila risiti ya hospitali na karatasi ya daktari, na upate jina la kampuni ya bima ya gari lile kupitia polisi. Bila ripoti ya polisi, kampuni haitakusikiliza.

Zebra iliyofutika

Kama zebra ya mtaani kwenu imefutika, au tuta mbele ya shule limeliwa na lami mpya, anzia kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, kisha barua iende ofisi ya divisheni. Kampala ina tano: Central, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga. Mitaa ya jiji iko chini ya KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala. Barabara kuu za kitaifa, zilizokuwa chini ya UNRA, mamlaka ya barabara za taifa, sasa ziko Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Andika mahali hasa, jina la barabara na jengo lililo karibu, weka picha ya asubuhi watoto wanapovuka, na mwombe mwalimu mkuu naye atie sahihi na muhuri wa shule. Peleka nakala mbili, moja ugongewe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani.